Rangi ya Kucha Juu ya Nati

Kutoka Juba mpaka Beni nilitumia siku sita, na katika siku hizo zote sikumwambia mtu hata mmoja ninakwenda kufanya nini. Walioniuliza niliwaambia ninarudi nyumbani. Haukuwa uongo kabisa. Nilizaliwa Kipese, kwenye vilima vya Lubero, ambako ukungu hukaa juu ya mashamba ya viazi mpaka saa tatu asubuhi, na katika miaka kumi na tisa ya kutangatanga sidhani kama niliwahi kumaliza wiki bila kuikumbuka ile baridi. Lakini mtu anayerudi nyumbani hubeba sukari na vitenge. Mimi nilibeba mkoba wa funguo, bisibisi mbili, na kifurushi cha bamba nyembamba za chuma, kila moja na unene wake, zile ambazo mafundi wa kwetu wanaziita cales. Ni za kupimia nafasi ndani ya injini.

Nilipita Arua nikiwa nimelala kwa kukaa, Kampala nikiwa na homa, Kasese nikiwa na njaa. Pale Kasindi malori yalikuwa yamejipanga mpaka nyuma ya vibanda vya wabadilisha fedha. Afisa wa forodha, mtu wa mkoa wa mbali ambaye Kiswahili chake kilikuwa na Lingala nyingi ndani, alifungua mkoba wangu na kuzitandaza zile bamba kama karata.

"Oyo nini? Visu?"

"Hapana, chef. Ni ya kupima nafasi. Hewa yenye iko kati ya chuma na chuma."

"Unapima hewa?" Alimgeukia mwenzake. "Ona huyu jamaa, anatoka mbali kuja kutupimia hewa. Pita, papa. Hewa ya Congo hapana lipa douane."

Kutoka hapo tulikwenda nyuma ya gari la askari, polepole, akina mama wakiwa wameshika rozari na dereva akiwa hasemi neno. Niliona vilima vikianza kuinuka upande wa kushoto. Moyo wangu ulipaswa kufurahi. Badala yake nilikuwa ninamfikiria mzee mmoja wa Butembo, na nilikuwa ninamwombea afya, ili nimkute bado anafanya kazi.

Mzee huyo alikuwa patron wangu, bosi wangu wa kwanza. Nilimaliza shule ya sekondari nikaingia gereji yake, na ni yeye aliyenifundisha kushika ufunguo. Sitasema kwamba hakuwa fundi. Malori ya watu wa Luofu yaliyokuja kwake yakivutwa yaliondoka yakinguruma. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja, ambao ulikuwa ugonjwa wa mji mzima: alitaka injini inyamaze.

Nieleze hapa, maana bila hili mengine hayaeleweki. Injini, moteur kwa mafundi wa kwetu, inavuta hewa na kutoa moshi kupitia milango midogo, ndizo vali, au soupapes. Kila vali hubonyezwa na kikono cha chuma ili ifunguke. Kati ya kikono na vali lazima kuwe na nafasi ndogo sana, maana chuma kikipata moto kinarefuka. Nafasi hiyo ndiyo inayotoa ule mlio wa tik-tik-tik asubuhi. Ukiiondoa, mlio unakwisha na injini inakuwa tulivu kama paka. Ila sasa vali haifungi mpaka mwisho. Moto unapita pembeni yake, siku baada ya siku, mpaka ukingo wake unaungua kama kona ya mkate. Injini ya lori la zamani inavumilia dhambi hiyo kwa miezi. Injini ya gari la mbio, inayozunguka kwa kasi mara mbili ya lori, haivumilii.

Kwetu Butembo hakuna aliyetaka kusikia hayo. Mfanyabiashara akipita na gari linalogonga, watu wa kando ya barabara wanamwambia gari lake linakohoa. Jumapili nje ya kanisa, wanaume walisimama kati ya magari wakisikiliza, na gari lililolia kidogo lilimwaibisha mwenyewe mbele ya shemeji zake. Kwa hiyo patron alipima kwa wembe. Wembe mmoja kwa vali za hewa, nyembe mbili kwa vali za moshi, na hilo lilikuwa karibu na kweli. Baada ya hapo aliwasha injini, akainamisha kichwa, na kukaza kila iliyolia mpaka ikae kimya. Hilo aliliita kuimaliza kazi.

Gari lililofanya nifukuzwe lilikuwa coupé, gari la mbio la milango miwili, la rangi ya fedha, lililotoka Dubai, mali ya kijana wa ukoo mkubwa aliyekuwa anaoa. Patron alinipa vali zake nizipime, kwa sababu macho yangu yalikuwa mazuri. Nilizipima injini ikiwa baridi, moja moja, na nikaiacha kila moja na nafasi yake. Asubuhi ya arusi, kabla mwenye gari hajafika, patron alikuja, akawasha, akasikia tik-tik, na kumaliza kazi. Nilimwona. Nilisema, "Patron, hii hapana ya lori." Akaniambia, "Petit, niliyasikia moteur mbele uzaliwe."

Msafara wa arusi ulitoka Butembo kwenda Beni na bwana arusi akataka watu waone gari lina nguvu. Kwenye mpando wa tatu wa vilima lilianza kukohoa kweli. Bibi arusi aliingia Beni nyuma ya pick-up ya kabichi, shela lake likiwa limeshikwa na mama mkwe ili lisipeperuke. Kesho yake ukoo mzima ulikuwa kwenye ua wa gereji. Patron alinyoosha kidole chake chenye grisi kwangu.

"Ni huyu wa Kipese njo alifunga soupapes."

Kwetu mkubwa haaibishwi mbele ya watu. Nilifikiri atanitetea baadaye, ndani, watu wakiisha kuondoka. Watu waliondoka, na yeye aliniambia nirudishe koti la kazi.

Wiki hiyo nilipata jina. Muua-moteur. Waliniita hivyo sokoni, waliniita hivyo kwenye foleni ya maji. Kulikuwa na msichana ambaye nilikuwa nimeanza kumpelekea baba yake mbuzi wa mahari, kama desturi yetu inavyotaka. Baba huyo, mwalimu, mtu mpole, aliniita na kunipa kiti.

"Baba, rudisha mbuzi wako Kipese," alisema. "Hapana mubaya. Ila mikono yako iko na mukosi, na mutoto wangu atakula kwa hiyo mikono."

Mtu anaweza kusamehe kidole. Mbuzi wanaorudi nyumbani kwa njia ileile waliyojia, watu wakiwaona, hilo sikuweza. Niliondoka, na kila mahali nilipofanya kazi, Kampala kwa magari ya mashindano, Juba kwa majenereta, nilipima nafasi za vali kwa ukali ambao wenzangu waliucheka. Nilitaka jina langu. Nilitaka patron aseme mbele ya watu, kwa mdomo wake, kwamba ni yeye aliyekaza.

Beni nilipanga sehemu ya ua uliokuwa na mafundi wengine wanne. Sikwenda Butembo. Nilitaka Butembo ije kwangu, na haikuchukua miezi mitatu. Alikuja mfanyabiashara mmoja, mnene, mcheshi, mtu anayekwenda Beni kila wiki kwa mizigo yake ya Kasindi. Gari lake lilikuwa dogo, jeupe, la Kijapani, chini kama sahani. Injini yake ilikuwa ya mashindano hasa, vali kumi na sita, zote za kurekebishwa kwa skrubu na nati, kama nilizozoea Kampala.

"Wavukire, mon frère," alinisalimu kama ndugu. "Hii kitu nilinunua inaruka kama panzi. Sasa inatembea kama mama ya mimba. Muzee moja wa Butembo aliirekebisha, akasema sasa iko poa, hailie tena. Kweli hailie. Mais hata kupanda, haipande."

Nilimwuliza mzee gani. Alinielezea gereji, mti wa parachichi, kofia. Alikuwa ni patron wangu.

"Uniachie mpaka kesho," nilimwambia. "Lazima ilale, ipoe."

Asubuhi niliondoa kifuniko cha juu. Nilizungusha injini kwa mkono, silinda ya kwanza ikafika juu, nikajaribu cale yangu nyembamba kuliko zote chini ya kikono cha vali ya moshi. Haikuingia. Ya pili haikuingia. Nilimtambua patron kama unavyotambua mwandiko wa mtu. Vali hazikuwa zimeungua bado, ila zilikuwa njiani. Nililegeza nati, nikarudisha skrubu kidogo, nikaweka cale ya ishirini, ile ya unene wa nyembe mbili, nikakaza mpaka ikavutika kwa uzito mdogo, kama karatasi unayoitoa chini ya Biblia kubwa bila kuisogeza. Halafu nati. Halafu kupima tena, kwa sababu nati ikikazwa inaiba kidogo. Kumi na sita. Sijawahi kufanya kazi kwa upendo kama asubuhi ile, na sikuwa na upendo hata kidogo.

Kabla ya kufunga nilikwenda sokoni na kununua rangi ya kucha nyekundu.

"Ya bibi?" muuzaji aliniuliza.

"Ya moteur."

"Eh! Hiyo moteur inapendwa kupita mie."

Juu ya kila nati nilivuta mstari mmoja mwekundu, kutoka kwenye nati mpaka kichwa cha skrubu. Juba tulifanya hivyo kwa majenereta. Mtu akigusa nati, hata robo ya robo ya mzunguko, mstari unakatika na haurudi. Niliandika pia vipimo vyote kumi na sita kwenye karatasi, na mwenye gari alipokuja nikamwambia aweke sahihi chini.

Aliwasha. Tik-tik-tik, nyepesi, sawasawa, kama cherehani. Alifanya mzunguko mpaka karibu na uwanja wa ndege na kurudi akiwa anacheka peke yake.

"Inaruka! Mais inalia, mon frère."

"Inapaswa kulia."

"Batu watasema inakohoa."

"Watasema."

Hapo ndipo palipokuwa na jambo. Mdomo wangu ulikuwa wazi tayari. Maneno yalikuwa machache: usimruhusu mtu kuinyamazisha, itaungua. Mteja yeyote mwingine ningemwambia mara mbili na kumwandikia. Nilimtazama, nikamwona nje ya kanisa Jumapili, nikawaona wale wanaume wakiinamisha masikio, nikamwona akienda moja kwa moja chini ya mti wa parachichi. Nilifunga mdomo. Nilimfungulia geti.

Alinipigia simu baada ya wiki tatu. Sauti yake haikuwa na mzaha.

"Imekufa kwa mpando. Nilivuta mpaka kwa muzee. Anasema ni wewe. Nimekataza mutu kufungua mpaka mukuwe wote wawili. Kuja."

Nilivaa shati safi. Lazima niliseme hilo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilivaa shati safi na nikanyoa ndevu, kama mtu anayekwenda kuchumbia.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne, na ua ulikuwa umejaa: mafundi, majirani, wauza makaa, wateja wawili waliokuwa wanasubiri lori lao. Mti wa parachichi ulikuwa umekatwa matawi. Patron alikuwa amepungua, shingo ikiogelea ndani ya kola, lakini kofia ilikuwa ileile au ndugu yake.

"Wewe," alisema. "Mutoto wa Kipese."

"Ni mimi, Patron."

Na nilipodhani umri umemfunza kitu, aliinua kile kidole. Kidole kilekile.

"Ni huyu njo alifunga soupapes! Ni huyu tena! Batu, huyu najua yeye, anaua moteur."

Sikuwahi kusikia maneno matamu kama hayo. Alikuwa ameingia mwenyewe, kwa miguu yake. Nilitoa karatasi na kumpa mwenye gari aisome sahihi yake. Nilimwomba patron, kwa heshima, "Patron, fungua kifuniko wewe mwenyewe, hapana mie." Alifungua. Nilimwita mwenye gari na watu wasogee.

"Siku ile nilipaka rangi juu ya kila nati, baada ya kupima. Mustari moja. Muangalie."

Mistari ya vali nane za moshi yote ilikuwa imekatika, nusu nyekundu kwenye skrubu ikitazama huku, nusu kwenye nati ikitazama kule. Ya vali za hewa, mitatu. Nilichukua cale nyembamba kuliko zote, nikaijaribu chini ya kikono cha silinda ya tatu, nikampa mwenye gari ajaribu mwenyewe. Haikuingia.

"Muzee," mwenye gari alisema polepole, "uligusa?"

"Ilikuwa inalia! Wewe mwenyewe ulikuja hapa, ukasema batu wanacheka."

"Niliomba uangalie. Na hii rangi, haukuiona?"

"Niliona rangi. Nilifikiri ni ya Japon."

Ua mzima ulipasuka kwa kicheko. Fundi mmoja alikaa chini kabisa. Patron alikaa pia, juu ya tairi, akavua kofia. Niliona jinsi kichwa chake kilivyokuwa kidogo. Hapo mtu mwema angetosheka. Nilimsogelea.

"Na ile coupé ya arusi, Patron?"

Alisema kitu kwa sauti ya chini.

"Kwa nguvu. Batu wasikie."

"Ile ya arusi ni mie nilikaza!" alipiga kelele. "Hapana wewe. Ni mie. Umesikia?"

Nilisikia. Niligeuka kuwatazama watu, kukusanya nilichongoja miaka kumi na tisa. Walikuwa wananitazama kama watu wanaosubiri hadithi ianze.

"Coupé gani?" mtu aliuliza.

"Arusi ya nani?"

Hakuna aliyejua. Wengi wa wale mafundi walikuwa watoto wakati ule, na wengine walikuja Butembo wakikimbia vita vya vijiji vyao. Ukoo wa bwana arusi ulikuwa umehamia Kampala. Yule mwalimu aliyenipa kiti alikuwa amekwisha kuzikwa, niliambiwa baadaye, na binti yake yuko Luofu na watoto wake. Jina Muua-moteur lilikuwa limebaki kwa watu wawili tu duniani, patron na mimi, na ni mimi niliyelibeba mpaka Juba na kulirudisha.

Patron alikuwa ameona. Hakuwa mjinga katika mambo ya watu. Aliivaa kofia yake na kumgeukia mwenye gari.

"Sasa umuulize huyu kitu moja. Rangi ile alipaka juu ya nini? Mutu anaweka mutego kwa njia yenye anajua nyama itapita. Alijua nitakaza. Alikuambia nisikaze?"

Mwenye gari alinigeukia. Cale ilikuwa bado mkononi mwake.

"Ulijua?"

Ningeweza kusema hapana. Lakini nilikuwa nimetoka kudai ukweli kwa kelele, na masikio ya watu yalikuwa bado wazi.

"Nilijua."

"Na ulinifungulia geti."

"Ndiyo."

Aliiweka cale juu ya meza ya patron, pamoja na zile nyingine nilizokuwa nimezitandaza pale, kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kijiko cha wenyewe.

"Huyu muzee ni mujinga ya moteur," alisema. "Mujinga nitamuzoea, nitakuwa namuchunga. Wewe uko na akili, mon frère. Wewe unaniogopesha." Halafu, na hilo lilikuwa baya kuliko yote, alinishukuru kwa Kinande, lugha yetu, kwa adabu, kama unavyomshukuru mgeni anayeaga. "Wasingya."

Nilimwambia nitaleta vali mpya kutoka Kampala na kuitengeneza injini upya. Alitikisa kichwa. Watu walinipisha njia, kwa upana zaidi ya ilivyohitajika.

Beni habari ilifika kabla yangu. Wale mafundi wanne wa ua hawakunifukuza. Waliacha tu kuniazima funguo. Hakuna gari lililoingia upande wangu siku tatu. Siku ya nne nilifunga mkoba. Sikupanda Kipese kuona ukungu, ingawa nilikuwa nimejiahidi kila usiku wa Juba. Ningewaambia nini watu wa nyumbani, kwamba nilikuja kwa ajili yao?

Nilipanda lori tupu lililokuwa linarudi Kasindi na msafara wa asubuhi. Sijuti. Nimejaribu kujuta, nikiwa nimekaa peke yangu katika miji mingine, na majuto hayaji. Alininyooshea kidole mara mbili na mara ya pili kilimrudia. Hilo ninalo, na ninalitazama mara kwa mara kama mtu anavyotazama picha.

Mpakani afisa mwingine aliufungua mkoba wangu na kuukuta mwepesi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba cales zangu zimebaki Butembo, juu ya meza ile, chini ya mti wa parachichi uliokatwa matawi. Lori lilikuwa bado linasubiri karatasi. Ningeweza kupiga simu. Sikupiga.

Mwaka uliofuata, Kampala, nilikutana na dereva wa malori anayepita Butembo. Nilimwuliza habari za gereji ya mzee, kwa ujanja, kama mtu asiyejali. Alisema ipo, na ina kazi nyingi kuliko zamani. Siku hizi mzee ameacha nyembe. Ana bamba zake za chuma, anazifuta kwa kitambaa, hamruhusu mtu kuzigusa, na magari yanayotoka kwake yanalia tik-tik, naye anawagombeza wateja wanaolalamika: iacheni ilie, inapaswa kulia.

Hilo ndilo ambalo sikulihesabu. Ninaweza kuvumilia kwamba alinifukuza, na kwamba mji ulisahau. Ila usiku mwingine ninageuka kitandani nikifikiri kwamba yule mzee, kwa chuma changu, sasa anapima vizuri.